Wastani Haujazi Mtungi

  Leo nazungumza nanyi nyote mlioko Mbooni, katika kaunti ya Makueni, kuanzia Kikima na Tawa hadi Mbumbuni na Kalawa. Nazungumza pia na ndugu zetu wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi. Na wewe uliye ndani ya matatu, mwombe dereva akuongezee sauti kidogo. Jambo la leo linamhusu hata yeye.

Leo tuzungumze juu ya kusubiri. Kusubiri fundi aje kutengeneza pampu. Kusubiri kitambulisho. Kusubiri gari la maziwa lifike barabarani. Kusubiri tumekuzoea, na subira tunayo. Lakini je, tumewahi kukuchora? Ndiyo, nimesema kuchora. Kila muda tuliosubiri tuuweke kwenye karatasi kama nukta, nukta baada ya nukta, kisha tutazame nukta hizo zinasema nini. Nina neno moja leo, nami nitalirudia mpaka mlichoke: usiridhike na wastani, omba kuona nukta.

Tutakwenda kwa hatua tatu. Kwanza, tuone wastani unaficha nini. Pili, tuone chati yenyewe huchorwaje. Tatu, tuzungumze juu ya lengo, yaani ule mstari wa ahadi, faida yake na hila zake.

Haya, tuanze.

Pampu ya mkono ya kijijini kwenu ikiharibika, hukaa siku ngapi kabla ya kutengenezwa? Mwulize mwenyekiti wa kamati ya maji. Atafikiri kidogo, kisha atasema, "Kwa wastani, siku tano hivi." Sasa mwulize mama anayeamka alfajiri kwenda kuchota. Atakwambia, "Hiyo haina uhakika, mwanangu. Mara kesho yake imepona, mara mwezi unakaribia kwisha." Nani anasema kweli kati ya hao wawili? Wote wawili wanasema kweli. Mwenyekiti amejumlisha na kugawanya. Mama ameishi ndani ya kila siku moja.

Tutunge mfano. Tuseme tuna pampu mbili, na kila moja imeharibika mara 6. Ya kwanza ilipona baada ya siku 5, 5, 6, 4, 5 na 5. Ya pili ilipona baada ya siku 1, 1, 1, 2, 1, halafu siku 24. Jumlisha kila upande: utapata siku 30 huku na siku 30 kule. Gawanya kwa 6: utapata 5 huku na 5 kule. Kwenye ripoti ya mwaka pampu hizi ni mapacha. Je, maisha ya wanaozitumia ni mapacha pia?

Kwa pampu ya kwanza, mama anajua la kufanya. Ikiharibika leo, atapanga mambo ya siku tano: atazungumza na jirani mwenye tangi, ataweka kando pesa za mwenye punda anayeuza maji, basi. Kwa pampu ya pili hana la kupanga. Siku ya tatu hajui kama fundi anakuja kesho au baada ya wiki tatu. Ananunua maji mtungi mmoja mmoja kwa bei ya mwenye shida. Wiki ya pili ikifika, watoto wanatumwa mtoni kuchimba mchanga kutafuta maji kabla ya kwenda shule. Wastani wake ni siku 5, ndiyo. Lakini wastani haujazi mtungi.

Na sisi watu wa Ukambani tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Mvua ya vuli ikamwagika yote ndani ya wiki mbili za Novemba, kisha jua likawaka mpaka Januari, ndengu zitakauka zikiwa na maua. Kipimo cha msimu kinaweza kabisa kusema kwamba mvua ilitosha. Mkulima wa Kalawa haulizi jumla ilikuwa milimita ngapi. Anauliza ilianza lini, ikakatika lini. Na muda wa kusubiri tuuulize maswali hayo hayo.

Sasa niwapeleke Kyuso, kaskazini mwa kaunti ya Kitui, upande wa Mwingi. Huko watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford cha Uingereza walifunga kifaa kidogo ndani ya mpini wa pampu za mkono. Ndani ya kifaa hicho mna kipima mwendo, cha aina ile inayoijulisha simu yako kwamba umeilaza ubavu, na mna laini ya simu. Mtu akipiga pampu, kifaa kinahesabu mpini unavyopanda na kushuka, kisha kinatuma hesabu hiyo kama ujumbe wa simu. Pampu iliyozoea kupigwa tangu alfajiri hadi jioni ikinyamaza ghafla, aliye ofisini anajua kuna jambo, na fundi anatumwa.

Jaribio hilo lilifanywa mwaka wa 2013. Kabla yake, pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Wakati wa jaribio, wastani ulishuka chini ya siku 3. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa huduma ya FundiFix, ambayo hadi leo jina lake linajulikana Kitui na Kwale, na ambayo watumiaji wa maji huichangia ada ili fundi awe tayari kabla pampu haijaharibika.

Hapo nawasikia mkisema, "Ngoja kwanza, mtangazaji. Umetukataza kuridhika na wastani, nawe unatupa wastani!" Swali zuri, tulijibu. Siku za kusubiri haziwezi kushuka chini ya sifuri. Kwa hiyo wastani mkubwa unaweza kuficha mengi ndani yake: matengenezo ya siku moja, ya wiki, ya miezi. Lakini wastani mdogo hauna pa kuficha mengi. Matengenezo 10 yakiwa na wastani wa siku 3, jumla yake ni siku 30. Moja likichukua siku 27, yale 9 yaliyobaki yamebakiwa na siku 3 tu za kugawana. Kwa hiyo wastani ukishuka kiasi hicho, ujue zile nukta ndefu, za kumtesa mama, nyingi zimeondoka. Hata hivyo msimamo wangu ni ule ule: omba kuona nukta.

Na tujiulize, siku zote zile zilikuwa zikienda wapi? Je, fundi wa zamani alikuwa akikaza nati polepole? La. Kung'oa vyuma, kubadilisha mpira uliolika na kurudisha vyuma mahali pake kwa kawaida ni kazi ya saa chache. Siku nyingi hupotea kabla fundi hajashika spana. Mtu wa kwanza anaona maji hayatoki, anadhani mwenzake amesema. Kamati inasubiri Jumapili ili ikutane. Mweka hazina anapita nyumba kwa nyumba kukusanya pesa. Kijana anatumwa mjini kutafuta kipuri, anakuta hakipo. Fundi naye yuko kazini kwingine. Kamati ikimgombeza fundi, inagombeza ile sehemu ndogo kuliko zote.

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Wastani unaficha mtawanyiko, na mtawanyiko ndio unaotuumiza. Sasa tuingie hatua ya pili: chati huchorwaje?

Tafuta karatasi ya manila, rula, kalamu nyeusi na kalamu nyekundu. Upande wa kushoto chora mstari wa kusimama. Huo ni wa siku: sifuri chini, halafu moja, mbili, tatu, ukipanda juu. Chini chora mstari wa kulala. Huo ni wa matukio, kwa mpangilio yalivyotokea: la zamani kushoto, la karibuni kulia. Tafadhali usiyapange kwa ukubwa. Ukiyapanga kwa ukubwa umeua hadithi, maana hutajua kama mambo yanakwenda mbele au yanarudi nyuma.

Kabla ya kuweka nukta ya kwanza, kubalianeni jambo moja ambalo watu hulipita haraka: saa inaanza kuhesabu lini, na inasimama lini? Je, siku ya kwanza ni ile pampu iliponyamaza, au ile kamati ilipopata habari, au ile fundi alipopigiwa simu? Kila jibu lina chati yake. Mimi nawashauri muianze saa pale mtu wa kwanza alipopiga mpini asipate maji, na muisimamishe pale mtungi wa kwanza ulipojaa. Fundi kutia sahihi kwenye daftari si mwisho wa safari. Shirika la Afya Duniani na UNICEF nao hupima vivyo hivyo. Kwao, ili maji yahesabiwe kuwa huduma ya msingi, pamoja na kutoka kwenye chanzo kilichoboreshwa, lazima kwenda, kupanga foleni na kurudi visizidi dakika 30. Umesikia? Foleni imo ndani. Wangeiacha foleni nje, vijiji vingi vingeonekana vimefaulu huku watu wamesimama juani.

Haya, weka nukta. Tukio la kwanza, siku 4: nukta kwenye 4. La pili, siku 2: nukta kwenye 2. Endelea hivyo, kisha unganisha nukta kwa mstari. Ukifikisha kama 12 hivi, tafuta ile ya katikati: andika siku zote pembeni kutoka ndogo hadi kubwa, uchague iliyo katikati. Zikiwa mbili katikati, chukua nusu baina yake. Hapo piga mstari mweusi wa kulala. Mwisho, kwa kalamu nyekundu, piga mstari wa lengo, yaani siku mlizoahidiana. Chati yenu imekamilika. Hakuna kompyuta hapo, wala mtaalamu wa kulipwa.

Kusoma chati je? Hapa tunamshukuru Mmarekani mmoja, Walter Shewhart. Tarehe 16 Mei 1924, akifanya kazi katika kampuni ya Western Electric iliyotengeneza vifaa vya simu, alimwandikia mkubwa wake barua fupi ya ukurasa mmoja hivi, na sehemu ya ukurasa huo ilikuwa mchoro. Wazo lake lilikuwa hili: kila kazi ina kuyumba kwake kwa kawaida, na kuna kuyumba kunakotokana na jambo mahsusi. Tofautisha haya mawili kabla hujachukua hatua. Baadaye W. Edwards Deming alilipeleka wazo hilo Japani, mwaka wa 1950, na viwanda vya huko vikalishika kwa mikono miwili.

Kwa pampu yetu maana yake ni nini? Nukta zikipanda na kushuka kati ya 2 na 7, bila mpango wowote, hiyo ndiyo tabia ya kazi yenu ilivyo sasa. Usimwite fundi umlaumu kwa 7, wala usimpigie makofi kwa 2. Yeye ni yule yule na kazi ni ile ile. Ukitaka 7 ziondoke, badilisha utaratibu: weka vipuri vinavyolika sana kwenye sanduku kijijini, weka pesa za matengenezo kwenye akaunti mapema, bandika namba ya simu ya fundi pale pale kisimani. Lakini nukta moja ikiruka hadi 24, peke yake, hapo uliza: siku zile kulikuwa na nini? Labda daraja lilisombwa. Labda mweka hazina alifiwa. Hilo ni la kushughulikia kivyake, si la kubadilishia sheria zote za kijiji.

Na kuna dalili ya tatu. Ukiona nukta 8 zikifuatana, zote ziko upande mmoja wa ule mstari mweusi, ujue kuna kilichobadilika. Bahati peke yake ni nadra kufanya hivyo. Zikiwa zote chini, mnafanya vyema, tafuteni sababu muishike. Zikiwa zote juu, msisubiri mkutano mkuu wa mwaka.

Nirudie kwa ufupi: nukta zikiyumba kwa kawaida, badilisha utaratibu. Nukta moja ikiruka, tafuta kisa. Nukta nane zikihamia upande mmoja, jua mambo yamegeuka.

Wafugaji wa milima ya Mbooni nao wana chati yao. Maziwa mabichi yanatakiwa kufika kwenye mtambo wa kuyapoza mapema, ndani ya saa mbili hivi tangu kukamuliwa, la sivyo yanaanza kuharibika. Chora dakika za kila asubuhi tangu kukamua hadi kupozwa. Siku za mvua tumia rangi nyingine, maana barabara za milimani mnazijua. Kama nukta za mvua zote ziko juu na za kiangazi zote ziko chini, msigombane na dereva. Mna kazi mbili tofauti mlizokuwa mkizihesabu kama moja.

Sasa hatua ya tatu: lengo.

Ingia katika ofisi nyingi za umma nchini Kenya, utakuta ukutani bango la mkataba wa huduma. Lina safu nne hivi: huduma, unachotakiwa kuleta, ada, na muda. Hiyo safu ya mwisho ndiyo mstari wetu mwekundu. Wakati mwingine mstari huo umewekwa na sheria yenyewe. Kwa mfano, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamtaka afisa wa umma akujibu ndani ya siku 21 unapoomba habari, na ndani ya saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu.

Ni jambo jema. Lakini niwaulize: mmewahi kuona, kando ya bango hilo, karatasi inayoonyesha waombaji 30 waliopita walisubiri siku ngapi hasa? Ahadi imeandikwa kwa herufi kubwa, yaliyotokea yamo kwenye faili. Mstari mwekundu bila nukta ni tangazo tu.

Ukiweka nukta na mstari huo pamoja, utaona moja ya picha tatu. Ya kwanza, nukta zote ziko chini ya mstari mwekundu. Vizuri, ahadi inatimizwa, pengine mnaweza kuahidi zaidi. Ya pili, nukta zinauzunguka mstari huo, nyingine juu, nyingine chini. Hapo kutimiza ahadi ni bahati ya siku yako, na hata karipio kali halitaipunguza bahati mbaya. Ya tatu, nukta zote ziko juu. Basi lile lengo ni ndoto mpaka utaratibu ubadilike. Mkiamua kulisogeza lengo, lisogezeni hadharani, na mstari wa zamani uachwe uonekane.

Lengo lenyewe lisemwe vizuri. Dereva wetu wa matatu, sasa ni zamu yako. Mama mwenye miadi ya kliniki Machakos hakuulizi safari kutoka Kikima huchukua muda gani kwa wastani. Anauliza atoke saa ngapi ili asikose kabisa. Anapanga kwa safari yako mbaya. Kwa hiyo lengo lisiseme "kwa wastani siku 3". Liseme, "Katika kila mara 10, mara 9 tumalize ndani ya siku 3, na ile ya kumi isipite wiki." Lengo la namna hiyo linamlinda hata yule wa mwisho.

Na hila? Zipo. Lengo likigeuka kuwa fimbo, watu hujifunza kuikwepa fimbo. Hila ya kwanza ni kuchelewesha saa: unaambiwa faili lako halijakamilika, kwa hiyo siku zako hazijaanza kuhesabiwa. Hila ya pili ni kushughulikia mambo mepesi na kuyaacha magumu yazeeke kwenye droo. Chati itaonekana safi kwa sababu yasiyokwisha hayana nukta! Dawa yake ni hii: kila jambo ambalo bado linasubiri lichorwe kama duara tupu, na kila wiki duara hilo lipande juu kulingana na umri wake mpaka liishe. Hila ya tatu utaiona kwa macho: ahadi ni siku 10, na nukta nyingi mno zimejazana kwenye 9 na 10. Uliza kama kazi ilikuwa ya siku 10 kweli, au iliachwa ilale mpaka siku ya nane.

Wasikilizaji, kaunti ya Makueni ilijipatia jina kwa kuwashirikisha wananchi. Tangu enzi za gavana wa kwanza, Kivutha Kibwana, aliyeongoza kati ya 2013 na 2022, kulikuwa na vikao kuanzia kijijini kwenda juu, na kamati za wananchi za kusimamia miradi. Basi mahali pa kuuliza tunapo. Kikao kijacho mkisomewa ripoti, ulizeni maswali matatu. Saa ilianza kuhesabu lini? Nukta ziko wapi, pamoja na za wale ambao bado wanasubiri? Na tangu mara ya mwisho, ni kitu gani kimebadilishwa katika utaratibu?

Na chama chochote cha mwethya, yaani cha kusaidiana kazi, ninyi ambao mmechimba matuta ya milima hii kwa jembe, kuweka daftari la tarehe mbili mbili hakuwezi kuwashinda. Anzeni leo jioni. Mwulizeni mwenyekiti wa maji tarehe tatu za mwisho pampu ilipoharibika, na tarehe tatu ilipopona. Akiwa nazo, mna nukta tatu tayari. Akizikosa, mmejua kwa nini kila mwaka jibu lake ni "siku tano hivi".